Paneli ninazo juu ya mabati, je, niongeze betri?

Mama Sambaza, Kadutu
Jambo ndugu zangu. Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na kuku wa friza hapa Bukavu. Nina paneli 4 za sola za wati 450 na inveta ya haibridi ya volti 24 (ile mashine inayogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa nyumbani), betri sina. Mchana, hata umeme wa mji ukikatika, kazi inaenda, ila wingu likipita friza inazima. Usiku umeme ukikosekana ni giza hadi asubuhi, na juzi ndoo nzima ya sambaza imeniozea. Muuzaji mmoja ananipa betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 kwa dola 1,200. Hiyo ni minervali, karo ya shule, ya watoto wote. Ninunue?

Fundi wa Nguba
Mama, usitoe hizo pesa kwanza. Muulize volti. Betri nyingi za kilowati-saa 5 ni za volti 51.2, na inveta yako ni ya 24. Hazishikani.

Halafu piga hesabu ya usiku tu, maana mchana jua linakubeba. Azima kipimo kile cha kuchomeka kwenye soketi, ukiache siku nzima. Tuseme friza inakula kilowati-saa 1.2 kwa saa 24: usiku ni 0.6. Taa 5 za wati 7 kwa saa tano, 0.18. Televisheni kidogo, 0.2. Inveta nayo inakula hata bila mzigo, weka 0.35. Jumla kama 1.3. Betri ya volti 25.6 na ampea-saa 100 inabeba 2.56. Hata ukiitumia asilimia 80 tu, asubuhi bado imebaki akiba.

Yaya wa Panzi
Dada, mimi betri sina na samaki hawaniozei. Asubuhi najaza chupa za maji ndani ya friza, jua linazigandisha, jioni nafunga mfuniko sifungui tena. Watoto wanajua kabisa: usiku friza haiguswi.

Fundi wa Nguba
Yaya anasema kweli, Mama aanze na hilo leo hii. Lakini huku mvua ni Septemba hadi Mei, kuna siku jua halitoshi hata kugandisha chupa. Tena mota ya friza ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida. Hapo ndipo wingu dogo linaiangusha. Betri ndogo inamaliza shida hiyo.

Mama Sambaza, Kadutu
Muuzaji amenitumia picha ya kibandiko: 51.2. Asanteni sana, Mungu awabariki! Chupa nimeshaziweka. Na betri mbili za gari, za mtumba, za kuanzia tu?

Fundi wa Nguba
Hapana, Mama. Ya gari imetengenezwa kuwasha injini, ukiikausha kila usiku inakufa upesi. Na ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, isilale chumba kimoja na watoto. Weka akiba ya ile ndogo ya lithiamu. Siku ya kuifunga, fundi akuwekee fyuzi karibu na betri na waya wa ardhi wa paneli. Radi za Kivu unazijua.