Naomba ushauri: kusimamisha uchachushaji wa Muscat ikiwa bado tamu

Wakuu habari, naombeni msaada. Ni lita 50 za juisi ya zabibu aina ya Muscat Blanc à Petits Grains, sukari gramu 210 kwa lita, pH 3.3. Lengo ni divai nyepesi yenye povu kidogo, mtindo wa Moscato d'Asti ya Italia, kileo asilimia 5.5. Kila asilimia moja hula takriban gramu 17 za sukari, kwa hiyo zinatakiwa kubaki kama 116.

Shida ni kuifungia breki. Tangi limeshushwa kutoka nyuzi 16 hadi 2, ila hamira haijalala: viputo vyembamba bado vinapanda na sukari inashuka polepole. Sobeti ya potasiamu (kihifadhi cha divai) haisimamishi hamira iliyo kazini, inaizuia tu isizaliane. Tena bakteria wa asidi ya laktiki wakiivamia sobeti hiyo, divai inanuka majani ya jeranio, na hapo ndiyo basi tena.

Kuchuja kwa mikroni 0.45 ndiyo dawa, lakini divai yenye ukungu inaziba chujio dakika chache tu. Nianze na mikroni 5, kisha 1? Au niitulize kwa bentonaiti (udongo wa kusafishia divai) kwanza? Gramu ngapi kwa lita bila kufuta manukato, maana Muscat bila harufu ya maua ni maji ya sukari?

Na gesi ibakije wakati wa kuchuja? Kuiachia ichachuke chupani siwezi: gramu 4 tu za sukari kwa lita huongeza shinikizo la takriban bari 1, chupa zitapasuka.