Mchana wa California, usiku wangu Nairobi: naomba ushauri

Wadau, habari zenu. Mimi ni mhandisi wa programu, mwaka wa tatu sasa, kwenye ofisi ya Westlands ya kampuni moja ya Marekani. Wakubwa wako California, saa 11 nyuma yetu wakati wa baridi yao, kwa hiyo mkutano wao wa saa nne asubuhi kwangu ni saa tatu usiku.

Juzi seva ilikwama saa nane usiku. Niliitengeneza nimejifunga leso, mtoto analia chumba cha pili. Asubuhi barua pepe ya shukrani ikamtaja mwenzangu wa kule kwa jina. Mimi nikawa "timu ya Nairobi". Iliniuma, sitadanganya.

Sasa kampuni ya hapa Upper Hill inanitaka. Mshahara unapungua karibu thuluthi, ila saa kumi na moja jioni nimefunga kompyuta. Mkopo wa Sacco nao bado.

Mliopitia haya: nikiomba saa zangu ziandikwe kwenye mkataba kabla sijaamua kuhama, nitaonekana msumbufu? Na tafadhali msiniambie nivumilie, hilo mume wangu ameshasema.