Re: Kijana wangu anataka kwenda kujitolea kijijini Dodoma mwezi wa kumi, joto atalimudu?

> Wapendwa, mwanangu ana miaka 19, kazaliwa huku huku ughaibuni, Kiswahili anasikia ila kuongea kidogo kidogo. Anataka kwenda kujitolea mwezi mzima. Mimi naogopa joto. Aliyewahi kwenda naomba ushauri.

Habari zenu wote, poleni na baridi.

Dada, wenzangu wameshakujibu habari za tiketi, mimi niseme siku yenyewe inavyokwenda, manake mwaka juzi nilichukua likizo ya wiki tatu nikajitolea kwenye zahanati ya kijiji kimoja Chamwino, hapo hapo Dodoma, mwezi huo huo wa kumi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekaa Leeds miaka kumi na nne, nikadhani joto nalijua. Joto la Tanga unalowa, lile la Ugogoni ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo hujui maji yanakuisha mwilini mpaka kichwa kianze kugonga. Angeenda Julai angehitaji sweta usiku, lakini Oktoba na Novemba ndo jua lenyewe, mvua ya mwisho ilishasahaulika na mpya mpaka Desemba huko.

Mnaamka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu mko zahanati na kina mama wameshafika, wengine wameanza safari gizani. Kazi yangu ilikuwa kumvalisha mtoto ile kaptula ya kupimia, namning'iniza kwenye mizani iliyofungwa kwenye tawi la mti, namsomea nesi kilo anaandika kwenye kadi. Mtoto akirusha miguu mshale hautulii, na wangu mimi walikuwa wanarusha sana kwa vile sura hawaijui, mpaka nikajifunza kumwita mama asimame mbele yake, mtoto akimwona anatulia sekunde mbili tatu, hapo hapo unasoma. Ikifika saa tano kazi imekwisha.

Kuanzia saa sita mpaka saa kumi hakuna mtu anayetembea hovyo. Hapa ndo vijana wetu wanakosea, kwa vile huku tumewazoesha kwamba kukaa ni uvivu. Kulikuwa na vijana wawili wageni wanapaka rangi madarasa, saa nane bado wako juani, na fundi wa kijiji yuko nao, amechoka, ila anaona aibu kumwacha mgeni peke yake. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni wake acha kazi. Mwambie mwanao aangalie wenyeji, wakienda kivulini na yeye aende, wakila ale, ugali wa uwele na mlenda, mlenda unateleza asishangae, ale tu, akipewa maji ya ubuyu anywe kama maji yamechemshwa.

Kulala walinipa chumba kizuri kuliko vyote, nyumba ya bati. Mchana mle ndani kama tanuri. Siku ya tatu nikapata kizunguzungu nikakaa chini palepale mlangoni, kisa nilikuwa nakunywa maji kidogo makusudi ili nisiende chooni usiku. Bibi wa nyumba ile akanishika mkono akanipeleka kwenye tembe lake, nyumba ya zamani ya Kigogo yenye paa la udongo, yaani ule ubaridi wa mle ndani sijausahau. Nikanyweshwa maji ya chumvi na sukari, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mwanao ajue kuchanganya hiyo kabla hajapanda ndege.

Sasa jambo lililonifanya niandike kirefu hivi ni maji. Kila asubuhi nilikuta ndoo mbili zimejaa mlangoni kwangu, nikawa naoga asubuhi, naoga jioni, nafua. Siku ya tano nikaamka mapema zaidi nikamkuta binti wa nyumba ile, kama miaka kumi na mbili hivi, anatua ndoo ya pili, kata ya kanga bado iko kichwani na maji yamemwagikia shingoni. Nikamwomba anipeleke. Ni mwendo wa karibu saa nzima kwenda kwenye bomba la mkono, foleni ya madumu ya njano ndefu, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Alikuwa anakwenda mara mbili kwa ajili yangu halafu ndo anakimbilia shule. Hakuna aliyeniambia, na wasingeniambia kamwe. Nililia njiani, nasema kweli. Toka siku ile nikaoga kwa kopo, nusu ndoo siku nzima, na tukamlipa kijana wa baiskeli alete madumu manne kila asubuhi, yangu na ya nyumba nzima. Kwa hiyo mwanao akifika, swali lake la kwanza baada ya salamu liwe, maji yanatoka wapi na nani anayachota.

Malaria asidharau, hakuzaliwa kule, kinga hana kabisa, na hata sisi tuliokaa huku miaka mingi kinga imeshuka. Ameze dawa za kuzuia na amalize siku zote baada ya kurudi. Akipewa doksi (doxycycline) ajue inafanya ngozi iungue haraka na jua. Viatu akung'ute asubuhi, nge wapo.

Dada yenu, Leeds

---

> Kaka wa Minneapolis aliandika: Dada asante sana. Je, visa ya utalii inatosha? Na kwa familia anayofikia alipe au itakuwa kuwadharau?

Kaka, ya utalii haitoshi, kujitolea kunahesabika kama kazi, wanaojitolea wako kwenye kibali cha ukaazi daraja C, na wanaompokea ndo waanze kufuatilia mapema. Akifika kijijini aende kwanza ofisi ya kijiji kwa mtendaji, asaini kitabu cha wageni.

Kuhusu hela, asimkabidhi bibi noti mbele za watu. Nilivyofanya mimi nilikwenda gulioni na mama mwenye nyumba nikanunua unga, mafuta, sabuni na sukari ya wiki, akachagua yeye. Siku ya kuondoka nikamwachia bahasha, akaipokea kwa mikono miwili. Na ya yule wa baiskeli nikalipa miezi miwili mbele, mpaka mvua zianze.