Eti "sadaka tu"! Huyu jamaa wa semina za historia ya Kanisa ametukosea adabu

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, hata maji sijanywa. Mnamjua, yule wa koti la kaki na projekta isiyowaka. Nimesimama, nimeuliza kwa heshima: mbona mashirika yote ya kitawa ni majina ya wanaume, wanawake waliolipia nyumba zenyewe wako wapi? Akapunga mkono kama anafukuza nzi: "Hao kina mama walitoa sadaka tu. Swali lingine."

Sadaka tu! Françoise-Marguerite de Silly, mke wa de Gondi, ndiye aliyemsukuma padre Vinsenti wa Paulo apande mimbari pale Folleville, kijiji cha Ufaransa, Januari 1617. Mwaka 1625 yeye na mumewe wakatoa livre 45,000 (fedha ya Ufaransa ya enzi hizo), kwa mkataba wenye masharti: mapadre wahubirie wanavijiji, bure. Shirika la Misheni likazaliwa hapo. Hiyo ni bahasha ya Jumapili?

Na Juana wa Austria, dada yake Felipe II, mfalme wa Hispania? Wajesuiti, shirika la wanaume, hawakutaka wanawake, yeye akaweka nadhiri zao miaka ya 1550, kisirisiri, kwenye barua wanamwita kwa jina la kiume, Mateo Sánchez. Nani angemkatalia, na kaka yake alikuwa amemwachia Hispania nzima?

"Swali lingine"! Na ule mkono! Ukumbi wote umecheka, mpaka mpiga kinanda aliyelala tangu sala ya kufungua.

Kobe Mkavu: Pole mkuu. Kilichokuuma ni historia au chai ilikuwa imeisha?

Mama Wawili: Huyo huyo! Shangazi aliuliza kuhusu Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, akaambiwa swali lake ni la jikoni.

Mpinzani wa Kudumu: Mnawapamba mno. Ana de Mendoza, mke wa mtawala wa Éboli, aliwaleta watawa Wakarmeli mjini kwake Pastrana, Hispania, 1569. Mume kafa 1573, kajiingiza utawani na vijakazi wake, anataka kutumikiwa. Mwaka uliofuata Teresia wa Avila, mkuu wa masista hao, akawahamishia mji wa Segovia. Mfadhili wa hivyo bora bahasha.

Mwenye uzi: Wa Éboli si hoja. Hoja ni ule MKONO.

Kobe Mkavu: Kwetu aliyetoa mabati ndiye anaimba solo. Sauti hana.

Mama Wawili: Afadhali nyie. Sisi tumechangia vitenge vya kwaya tangu Pasaka, mwekahazina hapokei simu.

Mpinzani wa Kudumu: Mrefu hivi, ana pikipiki nyekundu?

Mama Wawili: Weee! Na wewe anakudai au unamdai?