Bendi kongwe isiyopiga zilipendwa: niliyoyaona Amsterdam, nisaidieni kuelewa

FundiBarafu:

Wakuu, wakubwa shikamooni. Hili jambo ninalo tangu mwaka juzi, na hapa Mwanza kila ninayemsimulia anaishia kunicheka, nikaona nilete kwenu.

Mimi ni fundi wa mashine za barafu na vyumba vya baridi, upande wa minofu ya sangara. Zamani, kabla ya watoto, nilikuwa napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya hoteli, Ijumaa na Jumamosi. Kazini wakanipeleka Uholanzi wiki tatu kujifunza mitambo ya amonia. Mwenyeji wangu kule aliposikia nimewahi kushika gitaa, akasema twende Amsterdam, kuna bendi kongwe inapiga, inaitwa The Ex. Kongwe kiasi gani? Wameanza 1979. Nikapiga hesabu: Sikinde ni ya 1978, kwa hiyo hawa ni wadogo wa Sikinde kwa mwaka mmoja. Basi nikanyoosha shati langu la maua. Kichwani nimeshajua nakwenda kuona wazee wenye suti, nyimbo za zamani, watu wazima wamekumbatiana wanacheza taratibu.

Ukumbi hauna kiti hata kimoja. Wakapanda watu wanne: magitaa matatu na dramu. Besi hakuna. Kwenye dramu kakaa mama, Katherina Bornefeld, yumo kwenye bendi tangu 1984. Halafu kuna Terrie, aliyekuwepo tangu siku ya kwanza. Gitaa lake limebanduka rangi utadhani mtumbwi uliolala nje masika mawili. Sikuona vidole vyake vikikaa mkao wowote ninaoujua. Akachukua kijiti cha dramu, akakipenyeza chini ya nyuzi, akawa anakigonga huku mkono wa kushoto unapanda na kushuka. Mlio uliotoka naujua vizuri sana: kompresa ambayo beringi yake imeanza kufa. Nawaambieni ukweli, mkono ulinitoka mfukoni wenyewe kutafuta spana.

Mwanzoni nilikasirika. Nimeacha kitanda kwa ajili ya hii? Halafu nikaanza kusikia kama ninavyosikia zamu ya usiku. Pale kazini kompresa tatu zikiwaka hazigongi pamoja. Moja inatangulia, nyingine inachelewa, kisha baada ya muda zinakutana, sakafu inatetema, chai inacheza kikombeni, zinaachana tena. Magitaa yao ndivyo yalivyo. Hakuna solo. Kila mmoja ana kipande chake kifupi anakirudia mpaka unakichoka, anaendelea kukirudia mpaka kuchoka kwenyewe kunakwisha. Na yule mama hana mbwembwe, anakita tu. Kuna mahali nilisikia kitu cha huku kwetu kabisa, nikageuka kuangalia kama yupo Mwafrika mwingine ukumbini. Peke yangu.

Sasa swali langu. Wamepiga zaidi ya saa nzima na sikusikia ukumbi ukiimba nao hata wimbo mmoja. Nikamuuliza mwenyeji, zilipendwa wanapiga saa ngapi? Akacheka mpaka akamwaga bia. Anasema hawa wimbo wakishauzoea wanauacha, wanatunga mwingine. Miaka arobaini na zaidi! Msondo waje Mwanza wasipige hata moja ya zamani, si tutadai kiingilio chetu? Je, hiyo ni heshima kwa mashabiki au dharau? Na kama ni kelele tu, mbona hazijanitoka mpaka leo?

Kijiweni:

Yaani umekatiwa tiketi ya ndege ukasomee amonia, umerudi na mlio wa kompresa. Kompresa si unazo? Ungebaki zako Ilemela ukazisikiliza bure.

BesiLaZamani:

Marahaba kijana. Mimi nimepiga besi mabendi ya huku ziwani, Mwanza, Musoma, Bukoba, vyombo tunavipakia kwenye meli chini ya turubai na sisi tunalala juu yake visiibwe. Kabla sijakujibu, niambie: nani alikuwa anashika chini? Magitaa matatu bila besi, mchezaji kiuno chake anakiegemeza wapi?

Hilo la zilipendwa, usiwaonee mashabiki. Mtu analipa kiingilio ili amwone mkewe kama alivyokuwa siku wamekutana. Hiyo ni haki yake, kalipia. Lakini kwa kuwa hapa hatujuani kwa sura nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kuna wimbo mmoja nimeupiga miaka kumi na moja, kila wikiendi, na watu wakiusikia wanapiga yowe. Unajua nilikuwa nawaza nini nikiupiga? Bei ya mchele. Vidole vinakwenda vyenyewe, mimi nipo sokoni.

FundiBarafu:

Mzee wangu, chini alishika Andy Moor, alijiunga nao 1990. Gitaa lake limeshushwa sauti, halifiki besi lakini linakupiga tumboni. Mpiga besi walikuwa naye zamani, akaondoka. Hata mwimbaji wao wa tangu mwanzo, Sok, aliondoka 2009, akaja Arnold de Boer, anaimba na kupiga gitaa. Kwetu mwimbaji akihama bendi inapasuka vipande viwili na kila kipande kinadai jina.

Hiyo ya bei ya mchele imenichoma. Mimi nilikuwa nawaza daladala ya mwisho.

NgwanaKisesa:

Kaka, wewe mtu wa Mwanza kweli? Umepanda ndege mpaka Ulaya kushangaa kitu kilichopo Kisesa, nauli ya daladala tu. Hujawahi kuja Bujora wakati wa Bulabo, yale mashindano ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita baada ya sikukuu ya Ekaristi?

Makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, Bagika huku, Bagalu kule, wanacheza saa ileile kwenye uwanja uleule. Hakuna jaji wa kuandika maksi. Watu wenyewe wanachagua pa kusimama, na mwenye kundi kubwa ndiye kashinda. Sasa mlete manju, yaani kiongozi wa ngoma, na wimbo wa mwaka jana uone. Nilipokuwa mdogo manju wetu mmoja alitokea ndani ya gunia la pamba. Gunia liko katikati ya uwanja tangu asubuhi, tunajua ni gunia tu. Ngoma zilipokolea likajigeuza, likapasuka, mtu huyo! Uwanja mzima ulihamia kwetu, vumbi mpaka puani. Mwaka uliofuata gunia likaletwa tena. Watu walianza kuondoka kabla hata halijatikisika. Bibi yangu, Mgalu wa kuzaliwa, akafunga kanga yake akasema, "Wameshamwona," na yeye akavuka kwenda kwa Bagika. Bibi yangu! Nyumbani hatukuongea siku mbili.

Kwa hiyo swali lako la heshima au dharau, mimi naona ni heshima ya kumwogopa bibi. Na kijiti kwenye gitaa nacho kisikushangaze. Bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma, tunacheza na majembe, nani alikuambia jembe ni ala ya muziki?

Kijiweni:

Bibi kahama timu 😂 Nimeshindwa kuendelea na kazi.

FundiMakoroboi:

Mkuu, hicho ulichosikia cha huku kwetu hukuota. Mimi natengeneza spika na redio hapa Makoroboi, hizi habari nazifuatilia.

Hao The Ex mwaka 2004 walirekodi kwa mtindo wao muziki wa Konono No. 1 wa Kinshasa. Konono ni kundi aliloanzisha mzee Mingiedi, wanapiga likembe, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ndugu yake ilimba ya Wagogo. Kinshasa ina makelele, likembe ina kisauti kidogo, nani atakusikia? Wakajitengenezea vinasa sauti, sumaku wakazitoa kwenye vipuri vya magari mabovu. Ilipowashwa sauti ikatoka imepasuka, inakoroma. Hawakuitibu. Ule mkoromo ndio ukawa muziki wenyewe. Wazungu walitumia pesa nyingi kununua vifaa vya kupasua sauti namna hiyo.

Ethiopia nako The Ex wamefika, tangu 2002. Walimwalika mpuliza saksafoni wa Addis, Getatchew Mekuria, mtu wa 1935, wakatoa naye santuri 2006 na nyingine 2012. Alifariki 2016. Mzee anakaribia miaka sabini anaamua kusimama mbele ya magitaa kama hayo, umesikia wapi.

Na nina mteja mmoja, ana baa. Aliniletea spika inakoroma, nikaivua koni, nikabadilisha koili, ikatoka safi kama ya kanisani. Wiki ya pili karudi nayo kaibeba mwenyewe begani, kanuna. Wateja wake wanasema baa imepoa. Akaniomba nirudishie koni ya zamani. Nikamrudishia, na hela ya pili nikachukua.

FundiBarafu:

Dada wa Kisesa, wabeja sana. Mimi nimekulia Nyamagana na Bulabo nimeenda mara moja, tena nilikuwa natazama wauza miwa. Mwezi wa sita nakuja, nionyeshe kwa Bagalu ni upande upi.

Fundi, nimeusikiliza huo muziki wa Konono jana usiku nikiwa zamu, simu nimeiegemeza kwenye bomba. Kijana ninayemfundisha kazi alikuja mbio na tochi, kaniuliza ni mashine namba ngapi inayogonga. Nikamwambia tafuta. Kazunguka zote tatu kaweka sikio, mpaka akaikuta simu. Hakucheka, ila akakaa chini kusikiliza.

Mzee wangu, lile besi lako bado lipo? Jumamosi natoka kazini saa nane, na gitaa langu lipo kwa dada yangu Kirumba.

BesiLaZamani:

Lipo juu ya kabati. Nyuzi zimebaki mbili. Pitia mjini uniletee nyingine mbili, na kijiti usisahau.