Gumzo la kikundi: UKOO WA KIBULI 🏠

Shangazi Zaituni: Asalaam alekum nyote. Mgeni wa Babu anatua Entebbe Ijumaa mchana. Nani ana gari lenye nafasi? Mzee wa watu ana fimbo na mizigo, msije mkampandisha boda.

Mjomba Idi: Waalekum salaam. Nitakwenda mimi. Si yule wa Moshi aliyelala chumba kimoja na Mzee pale Northcote?

Twaha: Northcote ndo wapi?

Mjomba Idi: Uko mwaka wa tatu Makerere hujui Northcote?? Ndiyo Nsibirwa ya leo.

Twaha: Aaah, Nsibirwa. Si mngesema.

Babu: Na huyo Nsibirwa mwenyewe unamjua ni nani?

Twaha: Ni bweni Babu 😅

Babu: Alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda. Mwaka 1945 alipitisha sheria ya ardhi ili chuo kipate pa kupanukia. Watu walikuwa na hasira, waliona ardhi yao inakwenda. Wakampiga risasi Namirembe, mlangoni pa kanisa. Unalala kwenye jina la mtu na humjui.

Twaha: 😳 Samahani Babu. Hilo hatukuambiwa.

Shangazi Zaituni: Jumamosi tumpeleke mgeni chuoni. Nimeshaongea na fundi wa fulana, nembo kifuani na keki ya

Shangazi Zaituni: *na keki ya rangi hiyo hiyo

Nuru: Shangazi fulana baadaye tafadhali. Mimi nataka lile sanduku la bati la Babu.

Babu: Sanduku halitoki chumbani kwangu.

Nuru: Halitoki Babu. Nakuja mimi hapo hapo, naweka picha moja moja mezani karibu na dirisha, nazipiga kwa simu mbele na nyuma. Mnakumbuka usiku ule wa Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere lilipoungua? Paa lote, orofa za juu, na nyaraka ndani yake. Jengo la 1941 wamelijenga upya, likafunguliwa 2024, ukilitazama ni lile lile. Zile karatasi nani atazirudisha? Zilizobaki ziko kwenye masanduku kama la Babu, chini ya vitanda, Kampala mpaka Moshi.

Mama Nuru: [picha]
Hii nimeikuta kwenye Kurani ya marehemu Bibi. Vijana sita na majoho.

Babu: Majoho mekundu hayo. Picha haina rangi ndiyo maana hamuoni. Wa pili kushoto ni mimi. Wa tatu ndiye huyo anayekuja. Wa mwisho alikuwa mtu wa Kisumu, mcheshi sana, jina limenitoka.

Nuru: Sasa mnaona? Mgeni akija jambo la kwanza ni picha hii. Huenda yeye analikumbuka. Sherehe ya kuwapokea watu wa zamani tunaifanya hotuba na pilau, wanakula wanaondoka, na hakuna aliyewauliza nani huyu kwenye picha.

Mjomba Idi: Pilau iwepo lakini.

Twaha: Babu nimeona cheti chako ukutani, hakijaandikwa Makerere. Ulisoma kweli? 😂

Babu: Wewe mtoto! Kimeandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kuanzia 1963 mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa chuo kimoja. Mtu wa sheria alikwenda Dar, mhandisi Nairobi. Sisi wa kilimo tulikuja hapa, ndipo mtoto wa Moshi akajikuta Kabanyolo, shamba la chuo, anakamua ng'ombe na mimi. Nilipokwenda kuomba kazi, karani akakigeuza cheti mara tatu akaniuliza chuo hicho kiko wapi.

Shangazi Zaituni: 🤣🤣 Haya na mimi niseme langu. Kila wakitaja wa zamani ni Nyerere, Obote, Kibaki, Mkapa. Wasichana je? Mpaka 1945 kaulimbiu ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume"! Walipoingia wasichana sita ndipo wakaibadilisha kuwa tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Mimi nimekaa Mary Stuart, bweni la wasichana, picha ninazo, na hakuna aliyewahi kuniomba hata moja.

Nuru: Shangazi, NAKUOMBA. Zote.

Shangazi Zaituni: Sasa unazitaka 😏 Njoo Alhamisi. Zile za dansi nitazichagua mwenyewe.

Mjomba Idi: Tunazitaka hizo hizo za dansi.

Babu: Nuru sikiliza. Mikono ikauke kwanza. Majina uandike nyuma kwa penseli, usilete biro, itatokea upande wa pili. Gundi na selotepu sitaki kuziona. Na kabla hujazipeleka maktaba ya chuo au kuzirusha kwenye simu za watu, unaniuliza. Wengine humo wameshafariki, wana watoto.

Nuru: Ndiyo Babu. Na mkiwa wawili mmekaa na mgeni, naweza kuwarekodi mkiongea?

Babu: Utarekodi uongo mwingi. Yule bwana alikuwa mwongo tangu mwaka wa kwanza.

Nuru: Na yeye atasema hivyo hivyo juu yako, nitaweka zote mbili 😄

Mjomba Idi: Vizuri. Nani anachangia mafuta ya Entebbe?

Mjomba Idi: Jamani?

Twaha: Mjomba simu inakata chaji