Mjadala: Je, mwenyekiti wa kijiji lazima atoke kwenye chama?

Mtoa hoja: Mbukwenyi, ndugu wachangiaji. Hoja yangu ni kwamba uenyekiti wa kitongoji, kijiji na mtaa ufunguliwe kwa mgombea binafsi, yaani mtu asiyedhaminiwa na chama chochote.

Nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji wilayani Bahi, chini ya mbuyu, na ajenda ilikuwa moja tu: pampu ya kisima ilikuwa imekufa kwa mwezi wa pili, na akina mama walikuwa wakinunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Mama mmoja alisimama akauliza fedha za maji zilizokusanywa tangu kiangazi zimeandikwa wapi. Kabla mweka hazina hajafungua daftari, sauti ikatoka nyuma: "Huyo katumwa na chama chake!" Daftari halikufunguliwa tena, na saa nzima iliyofuata tukabishana nani katumwa na nani. Mama yule, kwa ninavyomfahamu, hana kadi yoyote.

Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, lakini anayeuongoza lazima apitie mlango wa chama. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2010 kwamba hilo ni jambo la Bunge, nayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao mjini Arusha, ikaamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huyo. Kisha Bunge Maalumu la Katiba likakaa hapahapa Dodoma mwaka 2014, UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini, na katiba hiyo mpya haikupatikana.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, chama utakiondoa kwenye fomu, kichwani mwa mtu kitabaki. Kabla ya 1992 tulikuwa na chama kimoja na bado vijiji viligawanyika kwa koo. Isitoshe, chama humwita mwenyekiti wake na kumkemea. Huyo wa binafsi atakemewa na nani? Nahofia mwenye ng'ombe wengi au mashamba makubwa ya zabibu atanunua kiti mchana kweupe.

Mtoa hoja: Hofu ya fedha naikubali, ingawa hata sasa kura za maoni ndani ya vyama hazijasalimika na fedha hizo. La kukemewa silikubali, kwa kuwa mwenyekiti anawajibika kwa mkutano mkuu, ambao anapaswa kuuitisha kila baada ya miezi mitatu. Na pampu ile ilipona baada ya wazee wanne, wawili kati yao wakiwa wa vyama hasimu, kumfuata mweka hazina nyumbani kwake usiku na kulisoma daftari ukurasa kwa ukurasa kwa mwanga wa tochi ya simu.